Barua ya wazi kwa Gavana: lami baadaye, kwanza tupeni karatasi

Kwa Mheshimiwa Gavana,

Nakala: Waziri wa Barabara wa Kaunti, Mwanasheria wa Kaunti, Spika wa Bunge la Kaunti, Mwakilishi Wadi wetu.

MINTARAFU: BARABARA YA KUTOKA LAMI HADI SOKONI KWETU, KILOMITA 11

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Jina la kaunti nimeliacha makusudi. Nilipomsomea binamu yangu aliyeolewa Magharibi rasimu ya barua hii kwenye simu, aliniuliza nani amenipa habari za kwao. Kaunti za Kenya ziko 47, nikaona heri nifute. Wewe utaijua yako kwa mihuri iliyogongwa kwenye barua zetu mbili, moja ya Julai na nyingine ya Oktoba, zote zilizopokelewa mapokezi ya ofisi yako na ambazo hadi leo Februari hazijapata jibu hata la mstari mmoja.

Niseme mapema kwamba lami hatuidai. Tunajua bei yake, na tunajua foleni ni ndefu. Wala sitakuletea kisa cha mama aliyejifungulia kwenye boda. Kila barua ya barabara huwa nacho, na nahisi masikio ya ofisi yameshakizoea. Tunachokuja kudai ni kitu chepesi ambacho hakihitaji kokoto wala mtambo: karatasi. Tuandikieni barabara hii ni ya nani, ilitengewa nini, kazi gani ilifanywa na nani akaikagua, na hiyo kesi mnayotutajia kila tukija imezuia nini hasa.

Naongea habari za karatasi kwa sababu mimi nilikuwa karani. Kabla ya ugatuzi nilikaa miaka mingi katika idara ya ujenzi ya lile baraza la zamani, lililokoma mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoingia. Kazi yangu ilikuwa rejista: jina la barabara, urefu wake, upana wa hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa barabara, kalvati ngapi za kupitishia maji chini yake na ziko wapi, lini greda ilipita mara ya mwisho. Nilikuwa na kabati mbili za chuma na funguo zake mfukoni. Siku ya makabidhiano niliorodhesha majalada yote, nikatia sahihi, na kijana aliyeyapokea akatia yake. Kwa hiyo ofisa wenu aliponiambia mwaka jana kwamba barabara hiyo "haipo kwenye rekodi", nilimwangalia tu. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino.

Mtu asiyeijua barabara yetu akiiona leo atadhani imezaliwa hivyo. Imezama. Kuna mahali, karibu na ule mkwaju mkubwa, ukisimama katikati ya njia mahindi ya jirani yanaota usawa wa kifua chako. Masika maji hayaikati barabara, yanaifuata. Yanaingia kwa juu, yanateremka nayo kilomita tatu, yanamwagika kwenye drifti, kile kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake, yakiwa na mchanga, matawi na kandambili za watu. Mvua za mwisho wa 2023 na zile za masika ya 2024 zilimaliza hata hiyo drifti; upande mmoja zege linaning'inia, chini yake hamna kitu.

Watu husema mvua ndiyo iliyoharibu. Mimi nasema ni greda. Huja mara moja kwa miaka miwili au mitatu, aghalabu uchaguzi ukinukia. Hukwangua udongo wa juu, huusukuma pembeni ukawa kuta mbili, kisha jioni huondoka na picha zikapigwa. Haikuinua mgongo wa barabara wala haikufungua mitaro. Kila ikija inaishusha njia kidogo, na hizo kuta zinayafungia maji ndani yasipate pa kutokea. Tumechimbiwa mto, tukaambiwa tumetengenezewa barabara.

Barabara ya udongo hukaa kama ngalawa iliyopinduliwa ufukweni. Mgongo uwe juu, mbavu ziteremke, mvua ikinyesha maji yakimbilie pande zote mbili mtaroni, na kila baada ya hatua kadhaa mtaro utoe mkono uyapeleke shambani, ambako mwenye shamba mwenye akili atayapokea akapanda migomba. Mgongo ukishapotea, hata mkimwaga changarawe ya malori mia itaishia kwenye drifti.

Haya sikuyasoma chuoni. Nilifundishwa na baba yangu mdogo, ambaye shule aliiacha darasa la tatu. Mwaka 1974 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani pamoja na wafadhili, ilianzisha mpango wa barabara za mashambani zilizojengwa kwa mikono: majembe, sururu, toroli, watu wa pale pale. Barabara ikikamilika, mkazi mmoja miongoni mwa waliojenga alipewa kipande cha kilomita moja na nusu au mbili akitunze kwa malipo. Mpango ulipofika kwetu, baba mdogo akapewa kutoka mkwajuni hadi kwenye drifti. Alifanya kazi siku tatu kwa juma, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Alifyeka nyasi, alizibua kalvati, alijaza vishimo vikiwa bado vidogo vya kuwekea yai. Shimo la yai, alikuwa akisema, ukiliacha wiki mbili litalaza mbuzi. Mvua ikianza usiku, alitoka na jembe na taa ya kandili kwenda kuona maji yanapita wapi. Sisi watoto tulimcheka kwa hilo.

Naikumbuka siku mkaguzi alipokuja kwa pikipiki, akatembea kile kipande chote kwa miguu, akahesabu kalvati moja moja kwa kuinama na kuchungulia, akaandika, ndipo malipo yakatolewa. Kumbe ukaguzi unaweza kuwa hivyo. Mwaka juzi kazi ya kuweka kalvati sita kwenye barabara hii ilikaguliwa, kwa mujibu wa bango lililosimamishwa pale lami inapoanza. Tumezihesabu kalvati zenyewe. Tunaona nne. Mbili kati ya hizo zimezibwa na mchanga hadi juu, na hakuna aliyepewa kazi ya kuzizibua.

Kuwapa wakazi vipande vya barabara wavitunze ni jambo ambalo hakuna sheria inayowakataza. Ile Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka asilimia 30 ya zabuni ziende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kila mwaka mnahangaika kutafuta ni tenda zipi ndogo za kuwapa, mwisho mnawapa za kuleta maji ya chupa na kukodisha mahema. Wapeni barabara. Kilomita 11 ni vipande saba. Vijana saba wenye majembe, na mkaguzi anayekubali kuinama.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, la mwenye barabara.

Nilianzia kwa mwakilishi wadi wetu. Akaniambia hiyo ni ya mamlaka ya taifa ya barabara za vijijini. Nikaenda huko. Nikaambiwa ni ya kaunti. Nikarudi kaunti, nikaonyeshwa benchi, nikakaa, nikapelekwa kwa mhandisi, mhandisi akasema mbunge aliipigia greda mwaka fulani, kwa hiyo iko chini ya mbunge. Mheshimiwa, tangu lini aliyefagia uwanja akawa mwenye nyumba?

Katiba ya 2010 haikuliacha jambo hili gizani. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kipengee cha tano, linasema usafiri wa kaunti ni kazi ya kaunti, na kitu cha kwanza kinachotajwa hapo ni barabara za kaunti. Serikali ya taifa imebakiziwa barabara kuu, pamoja na kuweka viwango ambavyo nyinyi mtavifuata. Mwaka 2016 barabara zote za nchi zikapangwa upya kimadaraja: A, B na C za taifa, D kushuka chini za kaunti. Katika takriban kilomita 161,000 za barabara za Kenya, zaidi ya 121,000 ziliangukia upande wenu. Yetu haiunganishi hata mji na mji. Inatoka kwenye lami, inapita shule mbili na zahanati, inaishia sokoni penye mnada wa mbuzi kila Jumamosi. Kama hiyo ni barabara kuu ya taifa, basi na mimi ni balozi.

Najua mtakachojibu, kwamba madaraja yalikuja lakini fedha hazikuja. Mna haki hapo, na nitawatetea mbele ya yeyote. Ushuru wa matengenezo ya barabara unakatwa kwenye kila lita ya mafuta. Ulikuwa shilingi 18, na tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Kwa miaka kadhaa kaunti zilikuwa zikipewa sehemu yake, kisha zikanyimwa, na mwaka 2024 mkaburuzana na wabunge hadi mahakamani kwa sababu ya shilingi bilioni 10.5. Wabunge hawataki kuuachia huo mfuko kwa sababu greda ni kampeni yenye magurudumu. Nanyi mnautaka, na sisi tunaomba Mungu iwe kwa sababu nyingine.

Lakini nilifanya hesabu, ile tabia ya ukarani haijaniisha. Steji yetu ina boda 60. Niliwauliza vijana, kila mmoja huchoma kama lita tatu kwa siku. Hizo ni lita 180, na ushuru wake shilingi 4,500 kwa siku. Toa siku za mvua kubwa, sikukuu na matanga, tuseme wanafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Unapata shilingi 1,350,000, ya boda peke yake. Sijahesabu matatu, malori ya maembe yanayoteremka kwenda soko la Kongowea, Mombasa, wala ile Probox ya mzee wa duka la dawa. Watu hawa wameshalipia barabara. Fedha zao zikienda kwa mbunge au kwa gavana, kwao ni mamoja. Risiti ndiyo hawajaiona. Msimu wa kiangazi nauli ya boda kutoka lami hadi sokoni ni shilingi 150. Masika ni 400, na hapo abiria anashuka kusukuma.

Basi tuachie hapo habari ya mfuko, tuingie ile kesi.

Tangu mwaka juzi, kila tukiuliza kwa nini kalvati mbili hazikuwekwa na drifti haijaguswa, tunajibiwa, "Jambo hilo liko mahakamani, hatuwezi kulizungumzia." Tulilisikia kwa ofisa wa barabara, tukalisikia kwa msimamizi wa wadi, na kwenye mazishi tukalisikia kwa mwakilishi wadi akiwa ameshika kipaza sauti. Wazee walinyamaza. Neno mahakama lina uzito kwetu. Mtu akisikia kesi, anaona askari na pingu, anarudi nyumbani akafunge mlango.

Mimi nikapanda matatu hadi mjini, nikaenda masjala ya mahakama, nikaomba kupekua faili, nikalipa ada, nikapewa risiti. Nilisoma kutwa. Kwa kuwa kesi haijaamuliwa sitasema nani ana haki. Nitasema tu yaliyomo yasiyobishaniwa. Mkandarasi anadai malipo ya kazi anayosema aliifanya. Kaunti inasema hakuimaliza. Kesi imetajwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ni wakili wa kaunti aliyeomba aongezewe muda kwa kuwa hajapewa nyaraka na wateja wake. Wateja wake ni nyinyi. Nililitafuta lile zuio tuliloogopeshwa nalo, ukurasa kwa ukurasa. Halimo. Hakuna amri hata moja inayokataza kuzibua kalvati, kujaza mashimo au kutengeneza drifti, ambayo hata kwenye huo mkataba haikuwamo.

Mheshimiwa, kesi kuwa mahakamani ni jambo moja, mahakama kukataza jambo ni jingine kabisa. Watu wawili wakigombania pesa ya kuezeka nyumba, mvua haiwasubiri, na hakuna hakimu atakayemwadhibu mwenye nyumba kwa kutega ndoo. Kama Mwanasheria wa Kaunti ana amri ambayo mimi sikuiona, aitoe. Sheria ya 2020 ilianzisha ofisi yake ili kaunti iwe na mshauri wake wa sheria wa kudumu. Mbona basi aliyesimama mahakamani, kwa mujibu wa faili, ni wakili wa kukodi kutoka mjini? Malipo yake yanatoka fungu gani? Na deni likikaa kortini halilali, linazaa riba na gharama. Greda ya kaunti haiwezi kupigwa mnada kwa ajili ya deni, hilo tunalijua, lakini mdai akishinda ataomba amri ya kulazimisha malipo, na ofisa atakayekaidi ataitwa kujibu kwa kuidharau mahakama. Tutakuja kulipa kalvati nne kwa bei ya kumi, huku tukiruka madimbwi.

Kama mkandarasi ni mwongo, mshindeni upesi. Kama alifanya kazi, mlipeni. Kuikalia kesi ili iwe kinga ya kutofanya kazi, hilo ndilo linalotuudhi.

Jambo la pili la sheria ni la bibi mmoja wa huku juu, ambaye jina lake nalihifadhi. Ile greda ilipokuja mara ya mwisho ilipanua njia mbele ya boma lake ikang'oa minazi minne. Hakupewa notisi, hakuitwa, aliona kwa macho. Alipolalamika, msimamizi wa kazi akamwambia barabara ni ya serikali. Mnazi mrefu wa kwetu unachukua miaka sita au saba kuanza kuzaa, na ile minne ilipandwa na marehemu mumewe mwaka wa kuzaliwa mtoto wao wa kwanza, ambaye sasa ni mzee wa mtaa. Bibi anaisemea minazi hiyo kama watu. "Walikuwa wanne," husema.

Hapa pana mawili. Ama minazi ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na hapo mnatuonyesha ramani na vipimo, sisi tukamwambia bibi avumilie. Ama ilikuwa ndani ya shamba lake, na hapo kuna Ibara ya 40 ya Katiba, kuna Sheria ya Ardhi ya 2012, kuna Tume ya Ardhi ya Kitaifa ambayo ndiyo yenye kazi ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa notisi na kwa fidia ya haki itakayolipwa bila kuchelewa. Dereva wa greda hakupewa mamlaka hayo. Kwenye rejista niliyoiandika mimi hifadhi ya sehemu ile ni mita tisa, yaani nne na nusu kila upande. Tulipima kwa kamba mbele ya wazee, tukianzia katikati ya njia ya zamani. Visiki viko mita sita na nusu. Ndiyo maana nawaulizeni ile rejista iko wapi.

Mwanawe aliniambia tuachane nayo, minazi haitarudi. Mama yake akamkatiza kwamba hataki minazi irudi, anataka aje mtu kumwambia.

Lile shimo la changarawe nyuma ya shule nalitaja kwa ufupi tu kwa sababu mnalijua. Mlichimba, mkachukua mlichohitaji, mkaliacha wazi. Sheria ya mazingira ya 1999 na mamlaka yake zinataka ardhi iliyochimbwa irudishwe katika hali salama. Sasa ni bwawa lenye mbu na vyura. Wazazi wamelizungushia miiba, na kila baada ya miezi miwili miiba hiyo inakuwa kuni.

Nije kwenye maoni ya umma, kwa kuwa najua ndilo jibu lenu la akiba: mbona hamkusema kwenye kikao? Tulisema. Kikao cha bajeti cha mwaka jana kiliitwa Jumatano kwa tangazo lililobandikwa Jumatatu jioni kwenye mlango wa ofisi ya wadi, kilomita kumi na tatu kutoka kwetu. Tulipofika tulipewa soda na kitabu cha kurasa zaidi ya mia mbili kwa Kiingereza, nakala tano kwa watu themanini. Saa mbili baadaye tukaandikishwa majina na sahihi. Nashuku sahihi hizo ndizo zilizohitajika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 87, inataka mwananchi apate taarifa kwa wakati. Tangazo la Jumatatu jioni kwa kikao cha Jumatano sidhani kwamba ndio wakati uliokusudiwa.

Hata hivyo mimi nilikisoma kile kitabu, nikakiomba nikalale nacho. Barabara yetu haimo kwa jina. Kilichomo ni "ukarabati wa barabara mbalimbali za wadi", na mbele yake mamilioni. Neno "mbalimbali" ni tamu sana kwa mhasibu. Mbalimbali haina urefu wala mwanzo, hakuna mwananchi anayeweza kwenda kusimama juu yake akauliza mbona haijatengenezwa. Enzi yangu kwenye baraza, na hatukuwa malaika, msiniulize habari za madiwani wale, mbalimbali isingepita kwa mtunza hazina bila orodha kuambatanishwa. Makadirio ya mwaka ujao yanatakiwa kufika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo bado kuna muda wa kuifuta mbalimbali na kuandika barabara kwa majina na kilomita zake. Mheshimiwa Spika, hili nakuelekeza wewe hasa. Kamati yako ya bajeti ikirudisha hicho kifungu mara moja tu, idara itajifunza kuandika.

Sasa muda wa kujibu. Barua zetu za Julai na Oktoba ziliandikwa chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21. Tuliomba nakala za rejista, orodha ya kazi na bei zake katika mkataba wa kalvati, na hati ya ukaguzi. Siku 21 za Julai ziliisha Agosti. Barua hii pia ni ombi chini ya vifungu vya 88 na 89 vya ile Sheria ya Serikali za Kaunti, ambavyo vinampa mwananchi haki ya kuleta ombi na kuwapa nyinyi wajibu wa kujibu haraka. Nakala yake inapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na picha za ile mihuri. Tumechanga nauli, na mpeleka barua ameshapatikana. Ni binti wa kidato cha nne aliyemaliza mwaka jana, ana mwandiko mzuri kuliko wangu na haogopi benchi.

Mkijibu, tunaomba mjibu kwa Kiswahili ili isomwe barazani bila mkalimani, na mtaje barabara hii iko daraja gani na chini ya nani. Kama kweli si yenu, semeni hivyo kwa maandishi na sahihi, nasi hatutawasumbua tena. Tutaichukua hiyo karatasi twende nayo kwa mwenyewe. Kama ni yenu, leteni mtu kabla ya masika azibue zile kalvati mbili na akate kuta za udongo ili maji yapate njia ya kutoka barabarani kwenda shambani. Vijana wetu watasaidia bila malipo siku mbili, wameshakubaliana stejini. Kinachowazuia kuanza wenyewe ni kwamba mwaka jana walipojaza mashimo kwa vifusi walitishiwa kushtakiwa kwa kuingilia barabara ya kaunti. Siku hiyo ilikuwa yenu.

Kuhusu bibi wa minazi, njooni mzungumze naye. Hupatikana nyumbani kila siku isipokuwa Ijumaa. Mje na kamba yenu ya kupimia. Yetu ilikatwa kufungia mbuzi.

Jibu linaweza kuachwa kwenye duka la dawa sokoni. Mkimtuma tarishi, mwambieni aje kabla ya katikati ya Machi. Baada ya hapo nauli itakuwa 400, na avae viatu vya kuvuliwa.

Wako,

Katibu, kamati ya barabara ya kijiji
(karani mstaafu wa rejista)